Kituo cha watoto mtaani kinazuia uhalifu kweli, au tunajiliwaza tu?

#1 MlindaMlango (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Mimi ni mkazi wa mtaa wa watu wa kipato cha chini ndani ya jiji kubwa. Kwa miaka sita sasa nafungua mlango wa ukumbi mdogo kila siku ya shule, saa 9 alasiri. Watoto wanakuja, wanafanya kazi walizopewa na walimu, wanacheza, na saa 12 jioni tunafunga. Hivi karibuni mfadhili wetu ameandika barua kwamba ataendelea kutuchangia iwapo tu tutamwonyesha kuwa tumepunguza uhalifu mtaani. Hiyo barua ninayo siku ya nne leo na sijaandika hata mstari wa jibu.

Nina mtoto mmoja anakaa meza ya mwisho, karibu na dirisha. Tangu siku ya kwanza alikuwa havui begi mgongoni. Anaandika nalo, anacheza nalo, anakwenda nalo chooni. Ilinichukua muda kujua kwamba kwao wanalala wengi chumba kimoja na kitu ukikiweka chini hukikuti. Mwezi wa tano akaja, akavua begi, akalitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango, akaenda kucheza. Sikusema neno, ila nililiangalia lile begi mpaka jioni. Sasa hilo nitaliandika vipi kwenye safu ya "uhalifu uliopungua"?

Dai langu ni hili: kinachowalinda watoto ni kuziba zile saa tatu kati ya shule kufungwa na mzazi kurudi kutoka kazini. Takwimu za polisi Marekani zimeonyesha miaka mingi kwamba siku za shule, ukatili unaofanywa na watoto hupanda zaidi mara tu baada ya masomo. Wengi wetu tunadhani ni usiku wa manane. Niko sahihi au napotea? Naomba kuwasilisha.

#2 Kipimo

Pole na kazi mkuu. Nitasema lisilopendeza, lakini nasema kwa nia njema.

Watoto wanaofika kwako kila siku ni wale ambao kuna mtu nyumbani amewaambia "nenda kituoni". Yule asiye na mtu wa kumwambia yuko kijiweni. Ukilinganisha makundi hayo mawili, kituo kitaonekana kimefanya maajabu hata kama hakijafanya kitu.

Kuna kisa ambacho kila anayeendesha mradi wa watoto anapaswa kukijua. Mwaka 1939, huko Cambridge na Somerville karibu na Boston, Marekani, walichukua wavulana 506, wakawapanga wawili wawili wanaofanana, kisha kwa kura mmoja akapewa mshauri, msaada wa masomo, matibabu, kambi za likizo, na mwenzake akaachwa aendelee na maisha. Kazi ilikwenda mpaka 1945. Miaka thelathini baadaye mtafiti Joan McCord akawatafuta. Wengi waliosaidiwa walisema mpango ule uliwafaa sana. Lakini kwenye kumbukumbu za mahakama na hospitali hawakuwa bora kuliko wenzao, na kwenye baadhi ya vipimo walikuwa na hali mbaya zaidi. Matokeo yalitoka 1978. Kwa hiyo "watoto wanapenda" si ushahidi.

#3 MamaPacha

Kipimo, nimekusoma na nimekuelewa, lakini umenichoma moyo.

Mimi nilikuwa na zamu inayoisha saa 2 usiku. Wanangu wawili walikuwa wanafunga mlango kwa ndani na kukaa gizani ili ionekane hakuna mtu. Walikuwa na miaka minane. Simu ikiita wanaiangalia tu, kwa sababu niliwaambia wasipokee. Mama mmoja jirani alipoanza kukusanya watoto sebuleni kwake baada ya shule, nililia ndani ya basi. Hakuna aliyekuja kupima kama wanangu wangekuwa wezi. Walikuwa watoto wanaoogopa, halafu wakawa watoto wasioogopa. Kwangu hayo ndiyo matokeo.

MlindaMlango, usikubali mfadhili akufanye uwaone watoto kama wahalifu watarajiwa.

#4 KochaWaJioni

Mama umenena. Mimi ni mtu wa viwanja, nitaongea viwanja.

Mtoto hazuiwi na meza, anazuiwa na timu. Kule Mathare, Nairobi, tangu 1987 kuna chama cha michezo cha vijana, MYSA, kilichoanza na mpira na usafi kwa pamoja: timu inapata pointi za ligi kwa kuzoa taka mtaani, siyo kwa kufunga mabao tu. Hebu fikirieni, mtoto wa miaka kumi anamwamsha mwenzake Jumamosi asubuhi wakazoe taka kwa sababu wakikosa zile pointi wanashuka msimamo. Tena Chicago ndiko walikobuni mpira wa kikapu wa usiku wa manane ili vijana wasizurure.

Hapo kwenye saa nakubaliana na mleta uzi: mtoto aliyechoka hafikirii wizi.

#5 Kipimo

Kocha, naomba kusahihisha kidogo. Mpira wa kikapu wa usiku ulianza 1986 Glenarden, Maryland, karibu na Washington. Aliyeuanzisha ni G. Van Standifer, na mechi zilichezwa kati ya saa 4 usiku na saa 8. Chicago walifuata baadaye. Na wale hawakuwa watoto, walikuwa vijana wa miaka 17 hadi 21.

#6 KochaWaJioni

Nimepokea, refa. Ila umenipa kadi ya njano kwa kosa la mji, hoja yangu bado iko uwanjani.

#7 DadaWaZamu

Jamani mbona mnaongelea saa na miguu tu, hakuna anayeongelea kichwa cha mtoto akiwa na hasira?

Nimefanya kazi na wavulana wa miaka 14 hadi 16. Sehemu kubwa ya ugomvi niliouona haukupangwa na mtu. "Umeniangalia vibaya", "umenikanyaga", "umecheka". Sekunde kumi baadaye kuna damu. Mtoto huyo huyo kesho yake anakuambia kwa dhati kwamba hajui ilikuwaje.

Chicago kuna mpango unaitwa Becoming a Man. Wavulana wanakaa na mlezi saa moja kwa wiki, tena ndani ya saa za shule. Moja ya mazoezi yao ya mwanzo: wanapangwa wawili wawili, mmoja anashika mpira, mwenzake anaambiwa una sekunde 30 kuupata. Wanavutana, wanaminyana mikono, wengine wanaangushana chini. Halafu wanabadilishana, vita upya. Baadaye mlezi anawauliza: kwa nini hakuna hata mmoja aliyeomba apewe? Wanajibu "asingenipa", "ningeonekana mnyonge". Ndipo anamgeukia aliyekuwa na mpira: angekuomba vizuri ungempa? Wengi wanasema ndiyo, ni mpira tu.

Nimelifanya zoezi hili na vijana wangu. Mmoja alikaa chini akatazama mikono yake, ilikuwa na mikwaruzo ya kucha za rafiki yake. Akasema, "Kumbe ningeomba." Siku ile sikuwa na la kuongeza.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwagawa vijana kwa kura, mara mbili, miaka tofauti. Kukamatwa kwa makosa ya ukatili kulishuka karibu nusu wakati mpango unaendelea. Kwa hiyo MlindaMlango, saa zako tatu si jibu lote. Hii ni saa moja kwa wiki.

#8 Kipimo

Dada, malizia habari. Mpango ulipoisha, na ile nafuu ya makosa ya ukatili ikapotea.

#9 DadaWaZamu

Ni kweli, ilipotea. Na mimi nauliza: dawa ya shinikizo la damu ukiacha kuimeza na presha ikarudi, utasema dawa haikufanya kazi?

#10 AskariMstaafu

Salaam. Nimefanya kazi ya ulinzi miaka mingi, naona mnazunguka mbuyu. Watoto wa siku hizi hawana hofu. Wapelekwe gerezani siku moja, waone milango inavyofungwa, wafungwa wawaeleze ukweli bila kupaka mafuta. Atakayerudi mtaani hapo atakuwa mtu mwingine.

#11 Kipimo

Mzee, kwa heshima zote, hilo limejaribiwa na limepimwa kuliko karibu kila kitu kwenye uzi huu. Lilipata umaarufu miaka ya 1970 kwenye gereza la Rahway, New Jersey. Likaigwa kila kona. Watafiti walipokusanya majaribio yote yaliyotumia kura, jibu likawa baya kuliko sifuri: watoto waliopelekwa kutishwa walifanya makosa zaidi kuliko walioachwa nyumbani. Bora usifanye kitu.

#12 AskariMstaafu

Sikulijua hilo. Lakini nauliza, inawezekanaje? Mtoto aone mateso kisha ayafuate?

#13 Aliyerudi

Mzee wangu, ngoja nikujibu mimi, maana nimepita huko.

Kwanza shikamoo. Nilipelekwa ziara ya namna hiyo nikiwa na miaka 15. Nilichokiona ni wanaume ambao kila mtu anawasikiliza. Mtaani kwetu hakuna aliyenisikiliza. Nilitoka pale nimekariri jina la mmoja wao na namna anavyosimama. Basi la kurudi lilikuwa na wavulana ishirini kila mmoja anajifanya hakuogopa, na aliyejifanya zaidi ndiye tuliyemfuata mwaka mzima. Mlitukusanya nyie, sisi tukapata kiongozi.

Nadhani hata wale wavulana wa Kipimo wa 1939 ndivyo ilivyokuwa.

#14 Kipimo

Aliyerudi, umegusa penyewe. McCord na wenzake walirudi kwenye zile data miaka ya 1990, wakaona madhara yaliangukia zaidi waliopelekwa kambi za likizo zaidi ya mara moja. Wavulana wakorofi pamoja, muda mrefu, wakifundishana. Hayo ni maelezo yanayokubalika na wengi, ingawa McCord mwenyewe aliwahi kutaja mengine pia, kama kuwazoesha msaada kisha kuwaondolea.

#15 Aliyerudi

Naendelea. Kilichonitoa mimi ni kazi. Mwanamke mmoja mwenye karakana ya kushona viti alinichukua likizo moja. Wiki ya kwanza nilikuwa nang'oa misumari ya viti vibovu tu, kutwa, nainyoosha kwa nyundo na kuipanga kwenye kopo kwa urefu wake. Wiki ya tatu akaniachia karakana akaenda msibani. Aliniachia na fedha kwenye droo. Sikuwahi kuaminiwa hivyo na mtu mzima yeyote.

Hamjagusa ajira kabisa kwenye uzi huu. Mtoto wa miaka 15 kwenye nyumba isiyo na kitu hataki kuchora, anataka kuchangia.

#16 Kipimo

Nipo upande wako kwa asilimia kubwa. Mwaka 2012 Chicago waliwapa vijana kazi za likizo, wiki nane, saa 25 kwa wiki. Vijana 1,634 waligawanywa kwa kura. Ndani ya miezi 16, kukamatwa kwa makosa ya ukatili kulipungua kwa asilimia 43 kwa waliopata nafasi. Na hapa ndipo penye utamu, MlindaMlango nisikilize: sehemu kubwa ya upungufu ulitokea *baada* ya kazi kuisha, si wakati wanafanya kazi. Kama siri ingekuwa kuziba saa, ungetokea wakati ule ule.

#17 MlindaMlango

Nimewasoma wote, asanteni sana. Kipimo, hilo la #16 limenikaa kichwani tangu asubuhi. Dai langu la saa tatu limepata ufa, nakiri. Lakini silitupi. Watoto wangu ni wa miaka saba hadi kumi na mbili, siwezi kuwapa ajira. Na alichosema MamaPacha kuhusu kukaa gizani, wengine wa kwangu wananisimulia hivyo hivyo.

#18 JichoLaMtaa

Mnajadili watoto kama vile mtaa haupo. Mtoto yule yule, barabara yenye taa na barabara yenye giza, ni watoto wawili tofauti.

Philadelphia walichukua viwanja 541 vilivyotelekezwa, wakavigawa kwa kura. Vingine wakavisafisha, wakapanda majani na miti michache, wakaweka uzio mfupi wa mbao wenye nafasi ya kupita. Hakuna semina, hakuna mlezi. Utafiti ulitoka 2018: kwenye mitaa maskini zaidi, ukatili wa bunduki kuzunguka viwanja hivyo ulishuka kwa asilimia 29. Sababu zinazotajwa ni kwamba silaha hazina pa kufichwa na watu wazima wanaanza kukaa nje.

Tena kuna utafiti wa Robert Sampson na wenzake wa 1997, wakazi zaidi ya 8,000 wa Chicago. Waliwauliza maswali ya kawaida kabisa: ukiona watoto wametoroka shule wamesimama kwenye kona, jirani yako atasema neno? Mitaa ambayo watu walijibu ndiyo ilikuwa na ukatili mdogo, hata ukiilinganisha na mitaa yenye umaskini ule ule. Kwa hiyo swali si kituo kimefanya nini kwa mtoto. Je, kituo kimewafanya majirani wajuane?

#19 MamaPacha

JichoLaMtaa, kusema neno kuna gharama yake. Mimi nilimwambia kijana mmoja arudi shule, usiku dirisha langu likavunjwa kwa jiwe. Mwenye kusema awe na wenzake nyuma.

#20 KochaWaJioni

Ndiyo maana nasema timu! Hata wazazi wanahitaji timu.

#21 MsichanaWaJuzi

Nimesoma machapisho ishirini. Nimehesabu: wavulana, wavulana, wavulana.

Kituo cha mtaani kwetu kilikuwa na mpira mmoja na ukumbi mmoja, na vyote vilikuwa vya wavulana. Nilipofika miaka 12 niliacha kwenda. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Njia ilipita mbele ya kijiwe na kila siku nilikuwa napigiwa miluzi na watu wa umri wa baba yangu. Kocha, ulisema mtoto aliyechoka hafikirii wizi. Mimi sikuwa nafikiria wizi, nilikuwa nafikiria nitapita wapi.

Usalama wa msichana ni njia. Kuna miji wanafanya msafara wa miguu: mtu mzima anaanza mwisho wa mtaa, anawapitia watoto mlango kwa mlango kwa saa inayojulikana, wanakwenda shule pamoja na kurudi pamoja. Haihitaji jengo. Sisi tungekuwa na msafara huo ningefika kituoni mpaka nimalize shule.

Na la mwisho nalisema kwa uzito. Usalama *ndani* ya kituo nani anausimamia? Mtu akitaka kuwa karibu na watoto wasio na mtu wa kuwatetea, atajitolea wapi? Kwenye vituo hivi hivi. Kila anayejitolea achunguzwe alikotoka, mtu mzima asikae peke yake na mtoto mlango umefungwa, na mtoto ajue jina la mtu wa kumwambia ambaye si mkuu wa kituo. Mfadhili anauliza uhalifu wa nje. Aulize na huo.

#22 KochaWaJioni

Dada umenipiga na nimekubali. Uwanja wangu una siku tano za wavulana na moja ya wasichana, na hiyo moja huwa naisogeza mvua ikinyesha. Narekebisha ratiba wiki hii.

#23 AskariMstaafu

Binti, huo msafara wa miguu nautaka. Mimi asubuhi huwa nimeamka saa 11 sina kazi. Wastaafu kwetu tuko wengi. Nielekeze unaanzaje.

#24 MsichanaWaJuzi

Shikamoo mzee. Anza na njia moja na watoto wachache. Vituo vya kuwapitia vijulikane na saa zisibadilike, na kila siku muwe watu wazima wawili. Na muwe wa kudumu, mkianza msiache baada ya wiki mbili.

#25 DadaWaZamu

Hilo la kutoacha nalipigia mstari. Kwenye mpango wa Big Brothers Big Sisters, ambao asili yake ni New York mwaka 1904, watafiti Grossman na Rhodes waliangalia mtoto na mlezi wake walidumu muda gani. Waliodumu mwaka na zaidi walinufaika sana. Waliovunjika ndani ya miezi mitatu, watoto walishuka kujiamini kuliko wale ambao hawakupewa mlezi kabisa. Mtoto aliyeachwa na baba, halafu akaachwa na mfadhili, anajumlisha mwenyewe.

MlindaMlango, hii iweke kwenye barua yako. Kufunga kituo hakuwarudishi watoto pale walipokuwa.

#26 Kipimo

Naunga mkono, na ninyi mjue sijawahi kuwa dhidi ya kituo. Kama mna watoto wengi kuliko nafasi, pangeni majina kwa kura badala ya kumchukua anayewahi. Ni haki zaidi, na baada ya mwaka mtakuwa na kitu cha kulinganisha. Msipime uhalifu, mtaa mmoja una matukio machache mno kuweza kuonyesha kitu. Pimeni siku za kuhudhuria shule, na muulizeni mtoto ni wapi anaogopa kupita.

#27 Aliyerudi

Kura inamwacha mtoto nje, Kipimo. Nani atamwambia?

#28 Kipimo

Sasa hivi wapo nje tayari, ndugu yangu. Tofauti ni kwamba hatujaandika majina yao.

#29 Aliyerudi

Bado sijakubali. Nitarudi.

#30 MlindaMlango

Nimeanza barua jana usiku. Nimeandika kwamba siwezi kumwambia tumepunguza uhalifu kwa kiasi gani, na sitamdanganya. Nimeweka ramani: jana niliwapa watoto karatasi wachore njia ya kutoka nyumbani hadi ukumbini na waweke alama nyekundu wanapoogopa. Walikuwa 34. Wengi wao, bila kuambizana, wameweka nyekundu kwenye uchochoro ule ule nyuma ya ukumbi, taa yake iliungua mwaka jana. Napita hapo kila siku na sikuwa najua.

JichoLaMtaa, taa ya uchochoro inaombwa kwa nani kama mtaa haumo kwenye orodha ya manispaa? Na Aliyerudi, yule wa begi anafikisha miaka 13 hivi karibuni, umri wangu wa mwisho. Yule mama wa karakana bado yupo?

#31 Aliyerudi

Yupo. Mkono wake mmoja haufanyi kazi vizuri siku hizi, karakana nimeishika mimi. Nitumie ujumbe wa faragha.